Mnara naouona kwa macho, baa nne, lakini harusi ikirushwa laivu inaganda. Tatizo liko wapi?

#1 Mwana wa Mwakaleli

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike anafunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Julai kijijini kwetu Mwakaleli, Busokelo. Ibada saa nne asubuhi, kisha sherehe chini ya turubai kwenye uwanja wa shule. Kaka yetu mkubwa yuko kazini Muscat, likizo amenyimwa. Mama mkubwa yuko Dar, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hawezi safari ya basi ya mchana kutwa na usiku. Na ndiye aliyemlea bibi harusi tangu darasa la pili. Kamati imenipa kazi moja tu: mama mkubwa aione ndoa hii.

Mwaka jana tulijaribu kwenye harusi ya binamu, kijiji hiki hiki. Mnara uko ng'ambo ya bonde, unauona kwa macho. Simu inaonyesha baa nne, ukifungua video inashuka bila shida. Tulipoanza kurusha, dakika kama sita za mwanzo safi kabisa. Halafu picha ikawa chenga, sauti ya mchungaji ikaja vipande vipande, mwisho ikaganda kwenye mkono wa matroni ameshika shada la maua. Watu Dar walikaa dakika arobaini wanautazama mkono. Baa nne zile zile hazikupungua hata moja.

Kabla sijagusa hela za kamati nataka kujua: tatizo ni mnara, simu, bando, au sisi tulikosea kitu? Waliowahi kurusha kutoka vijiji vya huku Nyanda za Juu Kusini, naomba uzoefu wenu.

#2 Kibao Mufindi

Nimevuta kigoda. Agosti na sisi tunayo Igowole, kwa hiyo uzi huu ni wangu pia.

#3 Fundi Waya Uyole

Baa nne ni za kusikia, si za kusema.

Mnara uko juu, unarusha kwa nguvu, na una antena ndefu kuliko mlango wa nyumba. Simu yako ikiujibu kwenye 4G, nguvu yake ya mwisho ni kama sehemu moja ya tano ya wati. Kwa hiyo ukiwa ng'ambo ya bonde wewe unausikia mnara vizuri, ila mnara unakusikia kwa taabu. Kupakua kunaenda, kupandisha kunagoma. Na kurusha harusi ni kupandisha tu, mwanzo mpaka mwisho.

Ukipima spidi achana na ile namba kubwa ambayo watu huwa wanapiga picha na kujisifia. Soma ya kupandisha. Na upimie pale pale kamera itakaposimama, sio barabarani wala nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji.

#4 Picha na Sauti Tukuyu

Namheshimu Fundi Waya lakini kwenye hili sikubaliani naye. Kama ni simu kukosa nguvu, ingegoma tangu dakika ya kwanza. Dakika sita safi halafu chenga, hiyo ni foleni.

Nimerusha harusi Kiwira, Masoko, Kyela mpaka Matema. Ijumaa ukipima unapata spidi ya kukufurahisha. Jumamosi wanakuja wageni mia tatu, kila mmoja na simu janja, wote kwenye mnara mmoja, na wote wanaweka picha WhatsApp. Mnara unagawa kilichopo kama mama anayegawa ugali: watoto wakiongezeka, matonge yanapungua. Baa hazishuki kwa sababu baa hazihesabu watoto.

#5 Mwana wa Mwakaleli

Ndaga fijo wakuu wote wawili.

@Picha na Sauti, kuna kitu hakikai sawa. Wageni walikuwa wameshakaa kanisani karibu nusu saa kabla hatujaanza kurusha. Kama ni foleni, mbona haikuwepo mwanzoni?

#6 Picha na Sauti Tukuyu

Dakika ya sita kulikuwa na nini?

#7 Mwana wa Mwakaleli

Bibi harusi aliingia.

#8 Picha na Sauti Tukuyu

Na kanisa zima likanyanyua simu. Umeshajijibu, kaka.

#9 Kibao Mufindi

Hii imeniingia. Nimekumbuka kila harusi niliyokwenda.

#10 Mama Kilolo

Habari zenu wanangu. Mimi si mtaalamu, nasema nilichokiona kwetu Kidabaga.

Kanisa letu ni tofali za kuchoma, juu bati. Ndani simu inashika baa moja, ukitoka nje zinajaa. Harusi ya mjukuu wangu vijana walihangaika madhabahuni mpaka mmoja akapata akili: simu ya kutoa mtandao akaitundika dirishani kwa nje, ndani ya mfuko wa nailoni maana palikuwa na manyunyu, na simu ya kupiga picha ikabaki ndani ikichukua hotspoti. Ibada yote ilifika. Kwa hiyo kabla hamjaulaumu mnara, angalieni bati.

#11 Fundi Waya Uyole

Mama shikamoo. Hiyo ya bati ni kweli tupu. Bati linarudisha mawimbi, na ukuta mnene unapunguza yanayobaki. Mwana wa Mwakaleli, kanisa lenu limeezekwa na nini?

#12 Mwana wa Mwakaleli

Bati, na ukuta wa mawe wa zamani.

#13 Mhandisi Njombe

Wote mnaongelea kipande cha simu kwenda mnarani. Mimi nauliza: mnara wenyewe unapata mtandao kutoka wapi?

Minara mingi ya vijijini haina waya wa faiba. Inaunganishwa na mnara mwingine kwa dishi, ule na mwingine tena, kilima kwa kilima, mpaka kufika ulipo mkongo, yaani njia kuu ya faiba. Simu yako inaweza kuwa na 4G nzuri kabisa juu ya mnara ambao mrija wake wa kutokea ni mwembamba na unahudumia vijiji vitano. Hapo uweke simu dirishani au juu ya mwembe, haisaidii.

Na mtu asije akaniambia Mkongo wa Taifa unapita barabara kuu. Ni kweli unapita, kutoka Iringa hadi Mbeya hadi Tunduma. Bomba kuu la maji kupita mbele ya nyumba yako hakukupi maji jikoni.

#14 Binti Makete

Kamwene. Kwetu Matamba sababu inajulikana, ni ukungu. Ukungu ukishuka mtandao unakufa, ukipanda unarudi. Hata mtoto mdogo anakwambia.

#15 Mhandisi Njombe

Dada, ukungu ninautetea. Matone yake ni madogo mno kusumbua mawimbi ya dishi za minara kwa kiasi cha kuua mtandao. Mvua kubwa ndiyo adui, hasa kwenye dishi za masafa ya juu. Na Julai huku mvua hazipo za namna hiyo.

#16 Binti Makete

Kaka, wewe una vitabu, mimi naishi humo ndani. Ukungu ukishuka mtandao unakufa. Sijasema kwa nini.

#17 Picha na Sauti Tukuyu

Makete hata ukungu unatafuta koti, usimlazimishe kufanya kazi ya mvua 😄

#18 Kijana wa Ilula

Huenda wote mko sawa. Hali ya hewa ikiharibika, umeme nao unakatika. Mnara unabaki na betri, betri zikichoka mnara unazima au unapunguza huduma mpaka jenereta liwake. Mtu wa kijijini ameona ukungu, hajaona betri. Mimi kila nikienda kurusha, kitu cha kwanza naulizia ratiba ya umeme ya kijiji kile, spidi baadaye.

#19 Binti Makete

Hilo nalichukua. Umeme kwetu ukungu ukiwepo huwa haukai kweli.

#20 Mzee wa Kihesa

Vijana, na bahari mnaisahau. Send-off ya binti yangu hapa Iringa, Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, laivu ilikufa kabisa. Tukaelezwa kwamba nyaya za mtandao zimekatika baharini. Sasa mnara wa Mwakaleli utafanya nini kama bahari imekatika?

#21 Kijana wa Ilula

Shikamoo Mzee. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kweli, upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tuliumia siku kadhaa. Lakini ilikuwa Jumapili tarehe 12. Send-off yako ilikuwa imeshapita kwa siku moja.

#22 Mzee wa Kihesa

Marahaba. Nimekwenda kuangalia kadi ya mwaliko, ni kweli ilikuwa tarehe 11. Asante kwa kunirekebisha. Basi aliyetuambia habari za bahari alizisikia Jumapili akazipeleka nyuma, na sisi tumemwamini muda wote huu. Nitamuuliza.

#23 MC wa Mafinga

Msimuumize kichwa mleta uzi. Anunue bando la GB 50, harusi itaenda. Watu wanarusha na bando la kuokoteza halafu wanalaumu milima.

#24 Fundi Waya Uyole

MC, hesabu hiyo itakula hela za kamati bure. Ukirusha kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa moja inakula kama megabaiti 450. Ibada na sherehe saa tano haifiki hata GB 2.5. Ukienda kwenye picha kali ya megabiti 2.5, saa tano ni kama GB 5.6. GB 50 ni za harusi tisa.

Ukubwa wa bando ni tangi. Tatizo la Mwakaleli ni bomba.

#25 MC wa Mafinga

Sawa, hesabu nimeiona. Ila yapo mabando ya "bila kikomo" ambayo ukivuka kiasi fulani cha siku spidi inashushwa kimyakimya. Yalishanikuta katikati ya kukata keki. Asome masharti yale ya maandishi madogo.

#26 Fundi Waya Uyole

Hapo tuko pamoja.

Na kwa kuwa tumegusa spidi: mwaka jana mliacha simu ichague ubora yenyewe? Simu ikiona njia nyeupe inapanda hadi picha kali, njia ikibana inachelewa kushuka, foleni inajaa ndani ya simu, mnaona chenga. Pima ya kupandisha mara kumi, chukua ile ya chini kabisa, sio ya wastani, halafu rusha kwa nusu yake. Ukipata megabiti 1.2 ya chini, rusha kilobiti 600. Picha itakuwa ndogo, 360p, lakini kwenye simu ya mama mkubwa uso wa bibi harusi utaonekana. Harusi haihitaji kuonyesha nyuzi za shela.

#27 Kibao Mufindi

Swali kwa Fundi. Nikichukua simu mbili, laini za mitandao miwili tofauti, spidi zinajumlishana?

#28 Fundi Waya Uyole

Hazijumlishani zenyewe. Kuna programu za kuziunganisha: zinakata video vipande, zinapitisha hiki huku na kile kule, kisha sava iliyo mbali inavipanga upya. Bila ile sava ya kupokea hakuna muungano. Bila hiyo, laini ya pili ni ya akiba tu: hii ikizima unahamia ile. Na hata akiba ina faida pale tu ambapo mitandao miwili haipandi mnara mmoja. Huku milimani mara nyingi kampuni zinapangisha mnara mmoja, betri ikifa zimekufa zote.

#29 Mpenda Migomba

Hakuna aliyetaja migomba. Rungwe kila upande ni migomba, na mgomba ni maji yaliyosimama. Majani mapana yakilowa yanakunywa mawimbi. Mwaka juzi tulipanga kuvusha mtandao kutoka shuleni hadi nyumbani kwa vifaa viwili vya Wi-Fi vya kuelekezana, kilomita moja na kitu tu, ukigoma. Tulipoinua kile cha nyumbani kwenye mlingoti wa mianzi juu ya migomba, ukapita siku hiyo hiyo.

#30 Kibao Mufindi

Kwetu Mufindi badilisha migomba weka misindano na mikaratusi. Habari ni ile ile.

#31 Mzee wa Kihesa

Naomba niseme la moyoni, msinichukie. Harusi ilikuwa ni kwenda. Unapanda gari, unafika, unashika mkono wa baba wa binti, unakula na watu. Sasa mtu yuko Mbeya mjini, saa mbili tu kutoka hapo, anasema "nitaangalia laivu". Mchango hatoi, kiti chake kimebaki wazi, jioni anatuma maua ya rangi kwenye simu. Kwa mama mgonjwa nakubali kabisa. Lakini tunawafundisha wazima kukaa nyumbani.

#32 Dada wa Tosamaganga

Shikamoo Mzee. Naomba nikupinge kwa heshima. Mimi ni nesi, niko Uingereza mwaka wa sita. Harusi nne za nyumbani zimenipita. Hakuna nililolikwepa, tiketi ya ndege ni mshahara na kibali cha likizo hakifuati kalenda ya ukoo. Kwenye harusi ya mdogo wangu laivu ilipofika kwenye zawadi, MC alitaja namba ya kuchangia, na sisi wa huku tulituma kwa sababu tulikuwa tunamwona mama yetu amesimama pale na kitenge chake. Nisingetuma kwa kadi ya PDF kwa moyo ule ule. Asiyeenda na asiyeweza kwenda ni watu wawili.

#33 Mzee wa Kihesa

Marahaba binti yangu. Umesema vizuri. Bado wa Mbeya mjini sijamsamehe.

#34 Picha na Sauti Tukuyu

Turudi kwenye kazi, tarehe inakaribia. Mambo ya majukwaa ambayo yananikera kuona watu wanayagundua asubuhi ya harusi:

YouTube ukiwasha laivu kwa mara ya kwanza inaweza kukuchukua hadi saa 24 kuruhusiwa, na kurusha kwa simu kunataka chaneli iwe na wafuasi 50. Fungua wiki hii, ukoo mzima wajiunge. Facebook inataka akaunti yenye siku 60 na wafuasi 100, na tangu Februari 2025 laivu zao zinakaa siku 30 tu halafu zinafutwa, kwa hiyo pakua. Zoom ya bure inakata dakika 40, na sijaona mahubiri ya ndoa huku kwetu yaliyoisha dakika 40.

Muziki je? DJ akipiga nyimbo za wasanii, laivu inaweza kunyamazishwa au kusimamishwa kwa madai ya hakimiliki. Tumia kwaya ikiimba yenyewe, ngoma, tarumbeta. Muziki wa kwenye spika subiri laivu iishe.

Halafu mwambie MC asimwite kaka wa Muscat kupitia laivu. Laivu inachelewa sekunde kumi, ishirini, hata zaidi. MC anasema "kaka tusalimie", ukumbi unangoja, kaka naye bado anaona keki. Salamu zipigwe kwa simu ya kawaida, iwekwe kwenye maikrofoni.

#35 Mama Kilolo

Hapo kwenye simu ya kawaida naomba nikae kidogo.

Mume wangu alikuwa amelazwa Iringa wakati mwanetu wa mwisho anafunga ndoa huku Kilolo. Mwaka huo mtandao wa picha kwetu haukuwepo kabisa. Mjukuu alichukua kitochi, akapiga, akakiweka juu ya meza ya mchungaji pembeni ya maikrofoni, akakiacha. Saa moja na nusu. Mzee alisikia kila neno kitandani, nesi amemshikia simu. Kijana aliposema "nakubali" mzee naye akasema "nakubali", wodi nzima ikacheka na kulia. Hakuona kitu, na alipokuja kufariki miaka miwili baadaye bado alikuwa anasimulia harusi ile kama mtu aliyekaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo mwanangu wa Mwakaleli, picha pambana nayo, lakini sauti usiiache mkononi mwa intaneti. Weka kitochi.

#36 Mwana wa Mwakaleli

Mama, asante sana. Hii nimeiandika kwenye daftari la kamati.

#37 Mhandisi Njombe

Ushauri wa Mama una sababu yake. Simu ya sauti ya kawaida inatengewa nafasi yake, ndogo, na ikishaunganishwa mnara hauipunguzi kwa sababu ya picha za wageni. Foleni ya data inaipita pembeni. Mwambie mpigaji asitumie WhatsApp, apige namba.

#38 Kijana wa Ilula

Na kwa picha kuna njia ya tatu isiyo laivu. Sisi tulirekodi kila kitu kwenye kamera, kila sehemu ikiisha tunatoa kadi ya kumbukumbu, bodaboda anateremka nayo hadi barabara kuu penye mtandao mzuri, kijana mwingine anapandisha. Ndugu waliona viapo saa mbili baada ya kuapwa, picha kali kuliko laivu yoyote. Tofauti waliyoilalamikia ni moja: walishajua kwamba amekubali.

#39 Picha na Sauti Tukuyu

Kutoka Mwakaleli ateremke Katumba. Lakini kadi mbili, nakala moja ibaki. Bodaboda akianguka na kadi moja, harusi imeanguka.

#40 MC wa Mafinga

Hivi ile miradi ya minara ya vijijini ilifika Busokelo? Nasikia minara 700 na kitu.

#41 Mhandisi Njombe

Mkataba wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Mei 2023, minara 758 kwenye kata 713 nchi nzima. Lakini mnara mpya unaleta baa. Spidi ni habari ya mrija unaoulisha, na tunarudi bandiko namba 13.

#42 Picha na Sauti Tukuyu

Na namba 4. Foleni.

#43 Mwana wa Mwakaleli

Wakuu, narudi na taarifa. Leo ni Jumatatu, harusi ilikuwa juzi.

Jumamosi iliyotangulia nilikwenda kupima saa nne asubuhi, muda ule ule wa ibada. Ndani ya kanisa kupandisha kulikuwa kilobiti 300, nikitoka nje upande wa mnara, megabiti 1.4. Kwa hiyo simu ya mtandao tuliitundika nje ya dirisha la mnara wa kengele, kamera ndani. Tukarusha kwa kilobiti 600. Mchungaji kabla ya kuanza aliwaomba waumini wazime data mpaka baraka ya mwisho, akaeleza sababu kwa kumtaja mama mkubwa kwa jina. Watu wengi walizima, niliwaona kwa macho.

Ibada yote saa moja na dakika ishirini ilikwenda bila kuganda. Kitochi kilikuwa mezani kikisikika Dar wakati wote. Mama mkubwa alikuwa na simu mbili, moja ya kuona, moja ya kusikia. Sauti ilikuwa inatangulia picha, akawa anasikia kwanza ndiyo halafu anaona mdomo. Shangazi aliyekaa naye anasema hakujali.

Sasa uwanjani. Turubai, hakuna bati, hakuna ukuta, simu juu ya mlingoti wa mianzi kama alivyosema Mpenda Migomba. Kuingia kwa maharusi safi. Keki safi, na pale simu zilikuwa hewani zote. Halafu saa tisa kasoro, wakati wa chakula, watu wamekaa wanakula, hakuna aliyenyanyua simu, laivu ikafa. Dakika ishirini na tano. Baa nne. Ikarudi yenyewe wakati wa zawadi. Hakukuwa na mvua wala ukungu. Umeme wa kijiji ulikuwepo.

Hiyo sijaielewa.

#44 Picha na Sauti Tukuyu

Hongereni sana! Chakula ndio foleni yenyewe. Wakati wa keki wanapiga picha, wakati wa chakula wanakaa na kuzituma. Foleni ya kutuma inakuja baada ya tukio.

#45 Mhandisi Njombe

Pongezi. Mimi nasema mrija. Umeme wa Mwakaleli kuwepo hauna maana kwamba mnara unaoulisha ule wa Mwakaleli ulikuwa na umeme. Dakika 25 kisha kurudi wenyewe, hiyo inanukia jenereta kuwashwa kilima kingine.

#46 Fundi Waya Uyole

Hongera kaka. Simu iliyokuwa juu ya mlingoti ilikuwa juani saa ngapi? Simu ikipata moto inapunguza kazi yenyewe. Julai huku hewa ni baridi lakini jua la saa nane linaunguza.

#47 Mwana wa Mwakaleli

Juani tangu saa sita. Ila waliohitaji kuchaji walikwenda kwenye jenereta letu, na kijana mmoja anasema kuna dakika aliichomoa waya ya ile simu ya mtandao bila kujua. Hakumbuki saa.

#48 Kibao Mufindi

Sababu nne na zote zinafaa. Agosti nakwenda nazo zote Igowole.

#49 Dada wa Tosamaganga

Mama mkubwa alisema nini mwishoni?

#50 Mwana wa Mwakaleli

Alipiga jioni. Aliuliza zile dakika ishirini na tano watu walikula nini, na kwa nini hakumwona dada yake akisimama kutoa zawadi. Kumbe mama alikuwa wa kwanza kutoa, kabla laivu haijarudi. Kamera ilirekodi. Nimenakili kadi, moja imebaki kwangu, ya pili imeondoka leo alfajiri na basi kutoka Tukuyu, iko kwenye bahasha kwa konda. Ikifika Dar nitasema hapa.